Yule wa Dirishani

Mwaka 2008 nilipopangiwa kazi katika hospitali moja mkoani Ruvuma, barua yangu ya ajira ilinitaja kwa jina ambalo mama yangu mzazi hakuwahi kulitamka maishani mwake: Mfamasia Daraja la Pili. Aliniomba nimsomee mara mbili, akavua miwani, kisha akauliza kama huyo mfamasia ni daktari au ni nesi. Nilipomjibu kwamba si daktari wala si nesi, alinitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Nilikuwa nimesoma Muhimbili miaka 4, nikaongeza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, naye kwa muda wote huo alikuwa akiwaambia majirani zetu kule Tanga kwamba binti yake anasomea duka la dawa. Wengine walifupisha zaidi, wakasema nauza dawa. Mtaani kwetu, ukisikia kwamba mtoto wa fulani anauza dawa, unanyamaza kwanza, kwa sababu zipo dawa za aina nyingine ambazo haziuzwi dukani. Mjomba wangu, ambaye hapendi maneno ya kuzunguka, aliniuliza waziwazi kama miaka yote ile ilikwenda kwenye kuhesabu vidonge.

Swali lake lilinikera, lakini sikuwa na jibu fupi la kumpa. Nilijua dawa inavyosafiri mwilini, namna ini linavyoivunja na figo inavyoitoa, dawa zipi zikikutana zinapigana na zipi hazifai kwa mjamzito. Nilijua pia kwamba Muhimbili ilianza kufundisha wafamasia mwaka 1974, na kwamba kabla ya hapo aliyetaka taaluma hiyo alilazimika kwenda kuitafuta nje ya nchi. Nilichokuwa sijui ni jinsi ya kumweleza mjomba, kwa Kiswahili kinachoeleweka sebuleni, kwamba huyo anayehesabu vidonge ndiye mtu wa mwisho kusimama kati ya kosa na mgonjwa. Ilibidi nijifunze jambo hilo kwa kulifanya, na wagonjwa ndio walionifundisha.

Dirisha letu la dawa lilikuwa na nondo, na chini yake tundu la mstatili ambalo mkono ulipita lakini uso haukupita. Mgonjwa aliinama ili asikike, nami niliinama ili nimsikie, na mara nyingi niliona mkono na cheti kabla sijaona mtu. Ndani tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa fundi sanifu wa dawa, kada ambayo siku hizi nyaraka za ajira huiita mteknolojia wa dawa, mzee mwenye mvi aliyefanya kazi hiyo tangu mimi sijaanza shule ya msingi. Kwa mujibu wa makaratasi mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Kwa mujibu wa foleni yeye alikuwa "dokta" na mimi nilikuwa "sista". Mara nyingi nilinyoosha mkono kupokea cheti nikaambiwa kwa upole, "Hapana mwanangu, nampa dokta." Mzee wa watu alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika, anapokea cheti, anakisoma, kisha ananisogezea mezani na kusema, "Haya sista, dokta anaomba ushauri wako."

Sikukasirika sana kama ninavyoweza kudhaniwa. Kila jina lilikuja na matarajio yake, na nilianza kuyasikiliza. Aliyeniita nesi alitarajia nimhurumie. Aliyeniita dokta alitaka nimpime kwa macho na kumpa kitu cha nguvu kuliko alichoandikiwa. Aliyeniita muuzaji alitaka bei, na kama ingewezekana apunguziwe. Wengi hawakuwa na jina lolote, walisema tu "yule wa dirishani", na hao walitarajia kitu kimoja, kwamba nifanye haraka. Kati ya wote hao hakuna aliyetarajia kuulizwa swali.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya nikiwa na haraka hiyo hiyo. Bibi mmoja alikuja na cheti cha amoksilini, vidonge viwili vya miligramu 250 kutwa mara tatu kwa siku 5, jumla vidonge 30. Nilivihesabu kwenye trei, nikavitia katika bahasha, nikaandika juu yake kama tunavyoandika sote: 2x3. Nikamwambia, "Bibi, mbili mara tatu, umalize zote." Akaitikia, akanibariki, akaenda zake. Baada ya wiki moja alirudi akiwa bado anakohoa, na akalalamika kwamba dawa ilimharisha. Nilimuuliza alizitumiaje. Akasema hakukosea hata kidogo, kwa sababu mjukuu wake wa darasa la nne alimsomea bahasha na kumfanyia hesabu. Mbili mara tatu ni sita. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya uji, bibi alimeza vidonge sita kwa mkupuo, na siku ya tano asubuhi bahasha ikawa tupu kama nilivyomwagiza.

Bado namkumbuka mtoto huyo ambaye sikuwahi kumwona. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Jumla ya vidonge ilikuwa sahihi, idadi ya siku ilikuwa sahihi, hata agizo la kumaliza zote lilitimizwa. Kilichoharibika ni mpango wa dawa katika damu: asubuhi ilijaa kupita kiasi, na kuanzia jioni vijidudu vilibaki vinastarehe bila wa kuvisumbua. Tangu siku hiyo sijaandika alama ile ya kuzidisha kwenye bahasha ya mgonjwa, na wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo hunishangaa ninapoifuta kwenye kazi zao kama mwalimu wa shule.

Baada ya bibi nilianza kuyatilia shaka hata maneno niliyodhani ni ya kawaida kabisa. Chukua neno "kutwa". Sisi wa dirishani tunaposema "kutwa mara tatu" tunakusudia saa zote 24, yaani kila baada ya saa 8. Lakini katika Kiswahili cha watu, kutwa ni mchana, na usiku una neno lake, kucha. Ndiyo maana tunasema mtu amehangaika kutwa kucha. Mlinzi mmoja wa ghala la mahindi alinieleza kwa fahari kwamba hakuwahi kukosa dozi: ya kwanza saa 12 asubuhi akitoka lindoni, ya pili saa 6 mchana, ya tatu saa 12 jioni akielekea lindo. Usiku wake wote, ambao kwake ndio siku ya kazi, haukuwa na dawa. Alikuwa amenitii kwa Kiswahili sanifu kuliko kile nilichotumia mimi.

Dawa mseto ya malaria ilinipa kazi zaidi. Ilianza kutumika nchini kuelekea mwisho wa mwaka 2006, ikichukua nafasi ya SP, ambayo nayo ilikuwa imechukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001, kwa hiyo nilipoanza kazi wengi bado walikuwa wamezoea dozi ya vidonge vitatu vya kumeza mara moja na kusahau. Sasa mtu mzima alipewa vidonge 24, vinne vinne, mara mbili kwa siku kwa siku 3, tena dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, na baada ya hapo ni kila saa 12, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili dawa ifyonzwe vizuri. Maelezo hayo hayaenei kwenye bahasha. Nilijifunza kuyafunga kwenye siku ya mgonjwa mwenyewe: umemeza hapa mbele yangu saa 3 asubuhi, utameza tena saa 11 jioni ukitoka shambani, kisha saa 11 alfajiri kabla ya kutoka, na uendelee hivyo. Mwenye redio nilimwekea alama ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, na Mwislamu nilimwekea adhana. Halafu nilimwomba anirudishie maelezo kwa maneno yake. Hapo ndipo foleni ilipoanza kunung'unika.

Ilinung'unika zaidi siku alipokuja kijana mmoja kutoka upande wa Namtumbo. Cheti chake kilikuwa na dawa moja tu, na jina lake lilisomeka kabimazoli, dawa ya wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Hapakuwa na idadi ya miligramu, iliandikwa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nilimtazama shingoni, sikuona kitu, ingawa hilo si ushahidi. Nikamuuliza dawa hiyo amepewa kwa tatizo gani. Akajibu, bila ukali lakini bila mlango, "Sista, hayo nimeshaongea na daktari. Wewe nipe dawa." Nyuma yake mama mmoja akadakia, "Mpe mwenzetu aondoke, jua hili!"

Sasa mkono wake ulikuwa umepita kwenye tundu, umesubiri bahasha, na kwenye kigasha niliona kovu pana la moto, la zamani, lililokunjamana mpaka karibu na kiwiko. Waliokulia vijijini wanajua kovu la namna hiyo huzungumza nini wakati mwingine, kwa sababu mwenye kifafa hachagui mahali pa kuangukia, na jiko liko katikati ya nyumba. Na dawa ya kifafa, kabamazepini, hutofautiana na ile niliyoisoma kwa silabi chache tu. Nilitaka kumuuliza palepale. Nikaona masikio yaliyopangwa nyuma yake, nikaelewa kwa nini alikuwa amefunga mlango: ni nani atakayetaja kifafa kwa sauti ya kupenya kwenye tundu la dirisha, mbele ya watu 20 ambao baadhi yao wanatoka kijiji chake?

Nilimwachia mzee dirisha, nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikamwita kijana hadi kwenye kivuli cha mwembe. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama huwa anaanguka. Alitazama chini kwa muda, akasema ndiyo, tangu utotoni, na kwamba dawa alizokuwa akitumia zilimwishia siku mbili zilizopita. Kama ningempa kile kilichosomeka kwenye cheti, angerudi nyumbani na dawa ya kudhoofisha tezi ambayo haikuwa na kosa lolote, na kifafa chake kingebaki bila kinga, katika nyumba yenye moto katikati. Nilikichukua cheti nikaenda nacho kwa daktari. Alikuwa na mgonjwa mbele yake na wengine kumi mlangoni. "Nimeandika kabamazepini," alisema kabla sijamaliza. Nikamwekea karatasi mezani. Aliitazama, akachukua kalamu, akaandika upya jina lote kwa herufi kubwa, akaongeza na miligramu, akanirudishia akisema, "Ahsante, mfamasia."

Nilikuwa nimekaa katika hospitali ile miezi saba, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo kwa mdomo.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri kuhusu neno lenyewe, jambo ambalo wenzangu wa maabara huliona kama ugonjwa wangu mdogo. Sijui kama nina haki ya kuwalaumu wagonjwa kwa kutolijua, kwa maana lugha yetu ilikuwa na mganga tangu zamani, na mganga alifanya yote: alisikiliza, akatambua ugonjwa, akachimba mizizi, akaitwanga, akampa mgonjwa na kumweleza namna ya kuitumia. Serikali nayo ililichukua jina hilo hilo, ndiyo maana mkuu wa tiba wilayani anaitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kwenye mabango ya barabarani yuko mganga mwingine wa nyota na mapenzi. Kazi ya mfamasia huonekana tu pale kazi hiyo moja inapokatwa vipande viwili, mmoja akaandika na mwingine akatoa, na kila mmoja akawa na ruhusa ya kumkagua mwenzake. Huko Ulaya mkato huo una historia ndefu. Frederick wa Pili, mtawala wa Sicily katika karne ya 13, alitunga sheria zilizowatenganisha matabibu na watengeneza dawa. Kwetu ulikuja pamoja na hospitali, na jina likaja baadaye likiwa limevaa m- na wa- kama mgeni aliyevishwa kanga mlangoni: mfamasia, wafamasia, ufamasia. Wapo wanaosema mfamasi, na siwasahihishi sana, kwani hata chombo kinachotusajili kinaitwa Baraza la Famasi, bila ile a ya mwisho.

Ndani ya mgeni huyo mna Kigiriki, na Kigiriki chenyewe kina siri ambayo Mswahili haihitaji kufafanuliwa. Neno pharmakon lilimaanisha dawa na pia sumu. Sisi nasi tuna dawa ya meno, dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya viatu na dawa za kulevya, na ile ya mtu kufanyiwa usiku. Ruvuma ni mkoa ambao watu wake wanajua zaidi ya wengi kwamba dawa ni neno zito: mwaka 1905 wazee wao walipewa maji ya kuzuia risasi, na huko Songea yapo makaburi ya walionyongwa na Wajerumani mwezi Februari 1906. Hata sheria zetu hazikuwahi kulificha jambo hili. Sheria ya mwaka 1978 ilizitaja dawa pamoja na sumu, na jirani zetu wa Kenya tangu 1957 wana bodi ambayo hadi leo jina lake linabeba famasi na sumu kwa pamoja. Yale maduka tuliyokuwa tukiyaita ya dawa baridi, kwa Kiingereza cha sheria yalikuwa maduka ya sumu za sehemu ya pili. Sijui ni nani aliyeigeuza sumu ya sehemu ya pili kuwa baridi, lakini alikuwa na kipaji.

Maduka hayo yalianza kugeuzwa kuwa Maduka ya Dawa Muhimu mwaka 2003, na mpango huo ulianzia hapa hapa Ruvuma, kwa hiyo nilipofika niliukuta umeshaota mizizi na baadaye niliitwa kusaidia kufundisha. Wanaohudumia maduka hayo wanaitwa watoa dawa. Nalipenda jina hilo kwa unyofu wake, ingawa mzee mmoja wa Mbinga alilitilia kasoro. Alisema kwao mtoa dawa ni yule anayefukua iliyofukiwa uani na adui, na akataka kujua kama sisi tunaweka au tunatoa. Darasa zima lilicheka, lakini swali lake lilitusaidia kueleza kwamba kutoa dawa kuna pande zote mbili, na kwamba siku nyingine kazi nzuri kuliko zote ni kumrudisha mtu nyumbani bila kidonge, akiwa amenunua chumvi tu na sukari na kuelezwa namna ya kuchemsha maji. Mtoa dawa si mfamasia, mafunzo yao hayalingani wala orodha ya dawa wanazoruhusiwa haifanani. Lakini kwa mtu wa Tunduru aliyeko mbali na hospitali, mtoa dawa ndiye uso pekee wa taaluma hii atakaouona mwaka mzima, na sioni faida ya kumfundisha mtu huyo kwanza ngazi zetu za vyeo.

Nilipokwenda Mombasa kwa shangazi yangu niliona wao wamelipanga kwa njia nyingine. Huko mgonjwa anakwenda kwa kemisti, na kemisti ni duka na ni mtu kwa wakati mmoja. Kwetu ukisema mkemia, akili ya msikilizaji inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, vipimo vya vinasaba na kesi za mahakamani. Shangazi alimwambia kemisti wake kwamba mimi ni mwenzake. Yule bwana akaniuliza kwa heshima nimefungua duka mtaa gani.

Hospitalini kwetu tulifanikiwa baada ya barua nyingi kupata chumba kidogo chenye viti viwili na mlango unaofungika, kandokando ya dirisha. Fundi wa maandishi alipokuja kuandika juu ya mlango aliniuliza kama mfamasia ina r, nikamwambia haina, akaandika, na kwa wiki kadhaa watu walikuwa wakikisoma kibao kwa sauti kisha wananiuliza nesi yuko wapi. Mzee wangu alistaafu akiwa bado dokta. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana mwepesi wa mikono, ambaye foleni ilimpenda mara moja kwa sababu hakuwa na maneno mengi.

Kijana wa Namtumbo, ambaye sasa ana mke na watoto wawili, huja kila mwezi. Mwezi mmoja nilikuwa ndani nikipokea mzigo kutoka Bohari ya Dawa, nikasikia dirishani foleni imesimama. Kijana wangu mpya alikuwa ameshakabidhi bahasha, jina sahihi, miligramu sahihi, maelezo yameandikwa vizuri, na aliyekabidhiwa hajaondoka. Mama mmoja nyuma alikuwa ameanza kulalamika kuhusu jua.

"Kuna tatizo, kaka?" msaidizi wangu aliuliza.

"Mbona hujaniuliza?" alisema yule mtu, akiwa bado ameinama kwenye tundu.